Mawaridi Kaburini

Mwanakombo alifika makaburini na ndoo yake ya maji, kama kila mwezi wa Shaabani, kuliosha bakuli la Kichina lililojengewa kwenye kaburi la babu wa babu yake. Akapigwa na butwaa. Bakuli lile la kijani, lisilo na ua wala mstari, lilikuwa limepakwa mawaridi mekundu ya rangi ya mafuta.

“Nani kafanya ufedhuli huu?”

Fundi Mbwana, aliyekuwa akilipaka chokaa kaburi la pili, akatabasamu. “Mimi, mama. Kamati ya makaburi ilitaka tupambe. Bakuli lilikaa tupu mno.”

“Tupu? Kwani aliyelichoma tanuruni hakujua kuchora? Vizazi na vizazi hakuna aliyeliona tupu, uje wewe na kopo lako!”

“Wageni wanaokuja kutalii wanapenda maua, mama.”

“Basi kajichore usoni.”

Hakungoja jibu. Alimpokonya kitambaa chenye mafuta ya taa, akapiga magoti, akaanza kusugua. Wekundu ukachuruzika juu ya chokaa mpya, ukamwingia kwenye leso. Mkono ulimuuma, hakuacha. Mwishowe, chini ya kidole chake, kikatokea kijani king’aacho kama kioo, kidogo sawa na ukucha, na wingu la angani likipita ndani yake.