Kondo Lisilo na Mikunjo

Mtafiti alitandaza kondo la nyuma la nguruwe kwenye trei, akapitisha juu yake kidole chenye glavu. Makondo ya vitoto wenzake waliozaliwa wazima katika uzao huohuo yalikuwa na mikunjo tele. Hili la kitoto kilichozaliwa kimekufa lilikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Mwenye nguruwe, mama wa makamo, alisimama karibu naye.

"Daktari, usinifiche. Nilimlisha vibaya? Au ile siku nilipomhamisha banda?"

"Hapana, mama." Mtafiti alimsogezea majibu ya vipimo. "Kwenye kondo kuna jeni, na jeni zina alama za kuziwasha na kuzizima. Za huyu zilikaa vibaya tangu siku za mwanzo, kabla hata wewe hujajua kama nguruwe ana mimba. Mama yake hakufanya kosa lolote."

Maneno hayo yalimtoka, kisha akayasikia kana kwamba aliambiwa yeye.

Mwaka jana yeye mwenyewe alijifungua mtoto ambaye hakulia. Tangu hapo mama mkwe hakuchoka kumwambia, "Kazi, kazi, kazi! Haya, umeyaona?" Naye alikuwa ameamini.

Mfugaji aliitazama ile mikono yenye glavu ikilifunika lile kondo taratibu, kama mtu anavyomfunika mtoto. Akasahau nguruwe wake.

"Wako alikuwa na miezi mingapi tumboni, mwanangu?"

"Saba," alisema mtafiti. "Wa kike."

Hakuna aliyewahi kumuuliza.