Mgonjwa Aliyeikonyeza Kamati

"Amekonyeza!" Honi alipiga kelele. Ndivyo wenzake walivyomwita mbunge huyo mwanamke, maana bungeni hakuhitaji kipaza sauti. "Mwenyekiti, andika: mgonjwa amekonyeza!"

"Hajakonyeza kitu," alisema Bwana Kifungu. Kifungu cha tisa cha muswada wa hospitali alikiandika yeye, jina likamganda. Kilisema mgonjwa akipoteza fahamu mwaka mzima, hospitali imtoe kwenye mashine bila kuuliza ndugu. "Kope zimecheza tu. Hata pazia linacheza."

Mwenyekiti wa kamati alitazama saa. Walitumwa wakamwone mgonjwa mmoja kwa macho yao, kisha wapige kura hapohapo. Kura zilikuwa tatu. Honi alishasema hapana, Bwana Kifungu ndiyo. Mwenyekiti mwenyewe hakuwa na msimamo. Alikuwa na njaa.

Mke wa mgonjwa aliketi ubavuni mwa kitanda, mkono mmoja chini ya blanketi. Yeye ndiye aliyewapokea mlangoni akawaongoza mpaka chumba kile, wakati daktari mkuu bado anapigwa picha kule mapokezi. Mwaka wa mumewe ulikuwa unatimia Ijumaa. Kifungu kikipita, Jumamosi hana mume.

"Mama, hongera," Honi alimwambia. "Mwaka mzima kitandani na ngozi inang'aa hivi! Mimi nalala usiku mmoja tu, naamka kama nimekanyagwa."

"Nampangusa kila asubuhi, mheshimiwa."

Bwana Kifungu alimwinamia mgonjwa sikioni. "Bwana mkubwa! Unanisikia?"

Akamfinya bega kupitia blanketi. Kope hazikucheza.

"Mnaona? Ningefinywa hivyo mimi, ningetukana."

"Mume wangu hana matusi," alisema mke.

"Shemeji, pole sana, lakini tuseme ukweli. Huyu hasikii, hasemi, wala haelewi kinachoendelea."

"Mbona wewe umo bungeni muhula wa tatu?" aliuliza Honi.

Mwenyekiti alikohoa ili asicheke.

"Hapendi kufokewa," mke alisema taratibu. "Zungumza naye kama mtu na rafiki yake, shemeji. Mwambie mambo yako."

Bwana Kifungu alikuna kisogo. Akavuta kiti, akaanza kwa haya. Alisema nyumbani kwake hana msikilizaji. Akifungua mdomo, mkewe anaongeza sauti ya redio. Watoto wanakumbuka kazi za shule. Juzi alikuwa anaeleza habari ya barabara, paka akainuka akatoka.

Mgonjwa akavuta pumzi ndefu. Kisha akakonyeza. Akakonyeza tena.

Bwana Kifungu alisimama wima, machozi yakimlengalenga. "Amenielewa," alinong'ona. "Miaka yote hii ya siasa, huyu ndiye mtu wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho."

"Tupige kura," mwenyekiti alisema haraka, kabla mtu hajabadili mawazo wala chakula hakijapoa.

Kifungu cha tisa kikafutwa, kura tatu kwa sifuri. Bwana Kifungu aliushika mkono wa mgonjwa kwa mikono miwili, akaupapasa kwa heshima.

"Ana baridi sana, shemeji. Mwongezee blanketi."

Wakatoka. Sauti ya Honi iliendelea kusikika mpaka getini.

Mke alishusha pumzi, akautoa mkono wake chini ya blanketi, umeshika rimoti ndogo. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mwalimu wa wakunga, amekumbatia tumbo kubwa la plastiki.

"Umemaliza naye, dada? Wanafunzi wangu wako nje."

Bila kungoja jibu akamfunua mgonjwa, akamfungua kifua kwa bisibisi, akaanza kumfunga lile tumbo la mimba.

"Nimemaliza, mwalimu, Mungu akubariki," mke alisema akivaa viatu. "Ngoja nipande juu wodini nikamwambie mume wangu."