Pita Tu, Mama

Kwenye makutano ya Uhuru na Msimbazi, Elimringi alisimamisha gari, akatoa mkono dirishani kumpungia mama aliyejitwisha furushi la vitenge. “Pita tu, mama.”

Mama alivuka hadi mwisho wa boneti, akasimama kumshukuru. “Ubarikiwe, mwanangu. Wenzako hawasimami.”

Akiwa bado amemgeukia, bodaboda ilichomoka upande wa kulia wa gari, ikaugusa mkono wa Elimringi, ikamgonga mama.

Watu wakajaa. Mmoja akaokota kitenge kipya, akamfunika mama mpaka usoni.

“Nani kamwambia avuke?” dereva wa bodaboda alikuwa akilia. “Jamani, nani kamwambia avuke?”

Elimringi alikuwa bado kwenye usukani, kiganja kikiwa wazi nje ya dirisha. Aliurudisha mkono ndani taratibu, akapandisha kioo.