Uzi wa Nyamizi

Katika mji ule, mlenda wa bamia waliuita nyamizi, na jina hilo halikutajwa jikoni kabla uzi wa ute haujakatwa kwa kidole.

Mbuke, aliyeolewa juzi tu, aliinua mwiko. Ute ukavutika hadi chunguni bila kukatika.

“Mama, kwani nyamizi maana yake nini?”

Mkwewe akaacha kupepeta. “Ni jina la mtu, mwanangu. Ndiye aliyeupika kwanza. Akauacha motoni, akaenda kisimani, hakurudi.” Akautazama mwiko. “Uzi umeukata?”

Mbuke akanyoosha kidole aukate.

“Abee!” sauti ya mwanamke ikaitika kutoka uani.

Uani hapakuonekana mtu. Ule uzi ukanyooka kutoka mwikoni hadi mlangoni, ukavutwa, na Mbuke akapiga hatua ya kwanza.