Jibu la Tatu

Siku hizi mgahawa haumpakulii mtu mpaka meza yenyewe, kwa kipaza sauti chake, imuulizie kwa jina. Ukijibu "ndiyo", sahani inakuja. Ukijibu "hapana", jina linafutwa na kiti anapewa mwingine aliye kwenye foleni ya mtaa. Waliotunga sheria hiyo walisahau kwamba sisi tuna jibu la tatu.

Mafundi cherehani wanne tumekula mchana pamoja kwa miaka kumi na moja: mimi, Kaka Mbwana, Bi Rehani na Sikitu. Sikitu tulimzika Jumamosi moja.

"Sikitu amefika?" meza iliuliza Jumatatu iliyofuata, kwa ile sauti yake ya upole.

Mbwana alikohoa. Mimi nikajifanya natafuta kijiko. Bi Rehani ndiye aliyejibu: "Bado."

Basi ndizi zake za nazi zikawekwa zikae moto, pilipili kando, kama alivyopenda. Tukala, tukamsengenya kidogo, tukarudi kwenye vyerehani. Kesho yake meza ikauliza tena, nasi tukajibu vilevile.

Leo tulipokaa tu, meza ilisema, "Nimeambiwa 'bado' mara arobaini. Niache kuuliza?"

Mbwana aliinamia sahani yake. Mimi nilitazama mto wa kiti cha Sikitu, alioushona mwenyewe kwa vipande vya vitenge vyetu.

Bi Rehani alipangusa makombo mezani kwa kiganja, taratibu, kama anayempapasa mtoto.

"Uliza tu, mwanangu," aliiambia. "Siku hizi ni wewe peke yako unayemuulizia."