Basi la Kwenda Kalembe

Straton hakuwa na leseni. Ya mwisho ilikwisha muda zamani, na picha yake ilikuwa ya kijana mwenye nywele. Hakuwa na mazutu tankini ya kumfikisha hata Sake. Hakuwa na jeki, wala msaidizi wa kuweka kigingi nyuma ya gurudumu mlimani. Hakuwa na muda pia, kwa sababu muuguzi alikuwa amemwita kando na kumwambia kwamba moyo wa Mapendo umechoka.

Alichokuwa nacho ni basi kuukuu alilolifanya nyumba: kitanda nyuma, jiko la makaa karibu na mlango, mapazia ya kitenge madirishani. Na njia yote alikuwa nayo kichwani. Aliendesha malori kati ya Sake na Walikale tangu ujana wake.

Mapendo, mkewe, alikuwa haoni tangu miaka mingi iliyopita. Alitaka jambo moja tu, kufia kwao Kalembe. Habari ya kuzikwa hapa Shasha, kando ya ziwa, hakutaka kuisikia. Kwao, binti aliyeolewa mbali akirudi haingii ndani mpaka mtu wa nyumbani amwite mlangoni kwa jina lake la utotoni. Jina hilo mume haambiwi. Straton alikuwa amezeeka naye bila kulijua.

"Mutu wa kwetu akiniita ku mulango, njo nitajua nimefika," Mapendo alimwambia. "Wewe usiseme kitu. Wewe uko dereva tu."

Straton alikuwa ameulizia watu wa Kalembe kila mahali. Kila aliyemuuliza alitikisa kichwa. Hata hivyo aliahidi safari.

Injini ilipoanza kunguruma, vikombe vililia kwenye rafu. Straton alishika usukani, akapiga honi, akaanza kumweleza mkewe njia: hapa kona ya mikaratusi, hapa daraja la mbao, hapa bonde la viazi. Basi liliyumba polepole. Mapendo alimtania kwamba anaendesha sawa mutu mwenye kubeba mayai. Punde basi likayumba kwa nguvu, naye akashika ukingo wa kitanda, ameridhika.

Mushaki, baridi iliingia kwa dirisha. Evode, mfugaji wa huko, alikuja akihema kama aliyepanda mlima mbio, akamsalimia mama kwa Kinyarwanda, akamtilia mkononi kipande cha fromaji, jibini ya maziwa ya huko. Mapendo alikinusa kwanza, ndipo akala. Aliuliza habari za ng'ombe. Evode alimtazama Straton, kisha akasema wako malishoni.

Siku ya pili walisimama Kitchanga. Kaswera, mwanamke wa Butembo aliyekuwa na duka la sukari na vitambaa pale Kitchanga, alileta chai ya moto.

"Papa Straton, ungali unadanganya watu asema unajua kuendesha?"

Mapendo alicheka hadi akakohoa. Kaswera aligeuka, akajifuta uso kwa kitenge chake.

Mweso hakuja mtu. Mvua ilikuwa imeanza. Mapendo aligeuza sikio dirishani, akangoja.

"Watu wa Mweso wako wapi?"

"Wako mu mashamba," Straton alijibu.

Uongo huo alikuwa ameuweka akiba kwa ajili ya Kalembe. Sasa alikuwa ameutumia, na hakuwa na mwingine.

Alasiri ya siku ya tatu injini ilizimika. Ukungu ulikuwa mzito, mvua ikipiga bati la paa. Straton alitoka kwenye usukani, akaketi karibu na kitanda.

"Tumefika?" Mapendo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Straton alikuwa amekatazwa kusema. Walingoja pamoja, mkewe akiwa ameinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto wa kulalia, na kadiri kimya kilivyorefuka, ndivyo kichwa kilivyoshuka.

Ndipo mlango uligongwa.

Sauti ya mwanamke mzee iliita jina. Lilikuwa jina fupi, la kuitia mtoto, na Straton hakuwahi kulisikia maishani. Mapendo aliitika kwa lugha ya kwao, akacheka kama msichana, akanyoosha mkono.

Straton aliufungua mlango. Nje kulikuwa na ukungu tu. Alipogeuka, Mapendo alikuwa amekwisha kwenda, na mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa, vidole vimekunjwa kama vya mtu aliyeshikwa mkono.

Asubuhi aliketi kumwandikia binti yao Claudette, mtawa huko Bukavu. Hakupata kumdanganya hata mara moja, kwa hiyo aliandika habari ya kifo, akaacha nafasi chini. Kisha akatoka nje.

Mashine ya kusaga mahindi, iliyo ubavuni mwa basi na iliyonguruma siku tatu badala ya injini, ilikuwa kimya kwa ajili ya msiba. Kaswera alikuwa mlangoni pa hema lake. Evode alijisugua bega alilolisukumia basi siku tatu, basi lililokaa juu ya mawe tangu magurudumu yalipoibwa vitani. Nyuma yao, hema kwa hema mpaka ziwani, walisimama watu wa Mushaki na watu wa Kitchanga, wote waliokimbilia Shasha.

Straton aliwauliza mmoja mmoja nani aligonga. Waliapa kwamba si wao. Na wa Kalembe, katika kambi nzima, hakuwako hata mmoja.

Alirudi ndani, akaandika kwenye ile nafasi: Mama amefika kwao. Akaifunga bahasha kwa ugali wa moto, akavuka barabara, akampa dereva wa lori la Bukavu.