Elinuru Hakupiga

Mechi ya besiboli ilikuwa raundi ya mwisho, matokeo sare, na vituo vyote vitatu vilijaa wachezaji wa Malindi, timu ya Elinuru. Zamu ya kupiga ilikuwa yake, na uwanja mzima ukamkazania: “Piga! Piga!” Mama yake ndiye aliyekuwa kinara wa kelele.

Mpira ukaja mweupe, wa kutamanisha. Kidole gumba cha binti kikabonyeza fimbo ya besiboli, vile anavyobonyeza peasi kabla ya kulichuma. Fimbo haikuondoka begani.

Mpira ukapita juu ya macho yake.

“Mbovu wa nne!” mwamuzi akatangaza, maana mitatu iliyotangulia nayo ilirushwa nje ya eneo la kupigwa. Elinuru akapewa kituo cha kwanza bure, wenzake wote wakasogea kituo kimoja mbele, na yule wa kituo cha tatu akaingia nyumbani, kituo cha kupatia alama, na ushindi.

“Mbona mwanao hakupiga?” jirani akauliza.

“Peasi bichi huachwa mtini,” mama akajibu, akikaza kanga. “Hayo nimemfundisha mimi.”